Mama, rafiki yangu anaogopa chakula

SWALI

Mama, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu na ninakaa bedsita na rafiki yangu ambaye tumejuana tangu kidato cha kwanza. Tulipohamia hapa tulinunua meko moja na sufuria mbili, tukawa tunapika pamoja: ugali na sukuma, omena zikishuka bei, chapati pesa za mkopo wa HELB zikiingia. Sasa sufuria moja ameitia alama kwenye ukingo kwa rangi nyekundu ya kucha. Hiyo ni yake peke yake na hakuna anayeruhusiwa kuigusa, kwa sababu ile nyingine "imeshika mafuta".

Ilianza mwaka jana na sukari. Nilimpongeza, hata mimi nikapunguza. Kisha akaacha chai yenyewe, halafu mkate na mandazi, halafu unga wa dukani, kwa sababu alisoma habari za sumu kwenye mahindi. Nyama akaiacha kwa ajili ya dawa zinazotiwa buchani. Omena akasema zimebeba kemikali za ziwa. Chumvi ya kawaida ameitupa, sasa ananunua ile ya waridi ya supamaketi ambayo ni ghali, na sote tunaishi kwa mkopo. Siku hizi chakula chake ni managu ya kuchemsha, nusu parachichi, karanga za kuhesabu, na viazi vitamu vya mama mmoja tu katika soko la Kibuye. Mama huyo asipokuja sokoni, rafiki yangu anashinda na maji.

Hataki kukonda, Mama. Hajipimi uzani hata siku moja. Anasema anataka mwili safi. Lakini sketi zake zinamshuka, na jua la Kisumu la saa saba linamkuta amevaa sweta. Kwaya ameiacha, kwa sababu baada ya mazoezi watu hunywa soda na mandazi. Tulipoenda matanga ya babu yake huko Siaya, alikaa tangu asubuhi hadi jioni bila kugusa sahani aliyopewa, na shangazi zake wakasema chuo kimemfanya ajione. Alilia kwenye matatu njia nzima.

Kinachonishangaza ni kwamba anapenda kupika. Jumamosi anatupikia chapati laini za tabaka, mimi na majirani, kisha anakaa kitandani akituangalia tukila. Usiku anatazama video za mapishi kwenye simu hadi saa nane.

Mama yake anadhani ni njaa ya chuo. Kila mwisho wa mwezi anatuma kwa matatu unga, maharagwe na omena. Rafiki yangu anawagawia majirani na kunikataza kusema. Nina maswali matatu. Huu ni ugonjwa, au ni msimamo wake na mimi ninaingilia? Nikimtilia kijiko kimoja cha mafuta kwenye managu bila yeye kujua, nitakuwa nimekosea? Na je, nimwambie mama yake?

Mwenzake wa chumba, Kisumu

JIBU

Mwanangu, naanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo linaloweza kuharibu mambo leo jioni. Usimtilie mafuta. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na hizo hazitamponya. Atajua, maana mafuta huelea na yeye huitazama sahani yake kuliko unavyodhani. Akishajua, ile sufuria ambayo ndiyo pekee anayoiamini haitakuwa salama tena kwake, na wewe hutakuwa salama kwake. Kwa sasa wewe ndiye mtu wa karibu zaidi anayemwona kila siku. Nakuomba sana usiipoteze nafasi hiyo kwa kijiko cha mafuta.

Sasa la ugonjwa au msimamo. Hali unayoieleza ina jina. Mwaka 1997 daktari wa Marekani, Steven Bratman, aliiita othoreksia: mtu kushikwa na fikira za chakula safi mpaka maisha yake yote yanazunguka hapo. Yeye mwenyewe aliwahi kuipitia, alipokuwa akiishi katika jumuiya moja ya wakulima huko jimbo la New York. Mpaka leo haijaingizwa kwenye orodha rasmi za magonjwa ya akili kama ugonjwa unaojitegemea. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 2013 hauna, na orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 pia haina. Nakwambia haya mapema kwa sababu utakutana na mtu, pengine hata mhudumu wa afya, atakayekwambia hakuna kitu kama hicho. Jina watu wanalibishania. Msichana anayesikia baridi Kisumu saa saba mchana anahitaji kuonwa, ubishi huo uishe au usiishe.

Mwanafunzi anapoketi mbele yangu kliniki, swali langu la kwanza halihusu alichoacha kula. Namuuliza chakula kimemnyima nini. Huku kwetu Nyanza wapo watu wasioonja nyama maisha yao yote kwa ajili ya imani, na wana afya, wanaimba, wanaolewa, wanaenda msibani na kula maharagwe pamoja na wenzao. Rafiki yako amenyimwa kwaya. Amenyimwa matanga ya babu yake, na unajua kwetu maana ya mjukuu kukataa sahani siku ile. Mama wa viazi asipofika Kibuye, siku imekufa. Huo si msimamo tena. Mwenye msimamo anaweza kuulegeza siku ya msiba na kuurudia kesho yake bila kujiona amechafuka. Yeye hawezi, na ndiyo maana alilia kwenye matatu. Hao shangazi waliona maringo mahali palipokuwa na hofu.

Na hofu yake haikutoka hewani. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya ukungu, aflatoksini, yaliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua huko mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiumia zaidi. Mwaka 2019, nyinyi mkiwa bado watoto wa shule, Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, na mwaka uo huo nchi nzima ikatazama kwenye televisheni habari za kemikali za kuhifadhi nyama. Hiki ni kizazi kilichokua kikisikia kwamba chakula cha dukani kinaua. Kuuliza mahindi yamekaushwaje ni swali la mtu mwenye akili. Mambo yalimwendea kombo pale ambapo jibu la kila swali likawa kuondoa kitu kingine sahani, na hakuna kilichorudi.

Hebu uone kilichoondoka pamoja na vyakula hivyo. Unga wa mahindi wa pakiti, kwa sheria ya Kenya tangu 2012, huongezwa madini ya chuma, zinki, vitamini A na asidi ya foliki. Chumvi ya mezani huongezwa madini joto, hayo hayo yaliyopunguza rovu katika nchi yetu. Ile ya waridi mara nyingi haikuongezwa chochote. Omena huliwa nzima na mifupa yake, kwa hiyo mtu anapata kalisi, protini na vitamini B12, ambayo hakuna jani hata moja la mboga litakalompa. Kuhusu uchafu wa ziwa, madini mabaya kama zebaki hujilimbikiza zaidi katika samaki wakubwa wanaokula wenzao kuliko katika dagaa wadogo namna hii. Hata managu yake anayaonea: vitamini A iliyomo kwenye majani hufyonzwa vizuri pakiwa na mafuta kidogo. Bibi zetu waliyalaza managu kwenye maziwa usiku kucha, wakayatia samli, na hawakuwa wanafanya hivyo kwa ajili ya utamu peke yake.

Lakini tafadhali usiende kumsomea haya. Nimekuandikia wewe ili usitikisike akikwambia omena ni sumu. Yeye anajua habari za vitamini kuliko nyinyi nyote hapo plotini. Ukimshinda leo kwa habari za chumvi, kesho atakuja na habari za maharagwe, na mtakuwa mmefungua mdahalo ambao hauna mwisho. Nimeona familia nzuri zikibishana mezani miaka na miaka huku mtoto akiisha mbele ya macho yao.

Barua yako ilinishika pale kwenye chapati za Jumamosi. Nieleze kwa nini. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, watafiti wakiongozwa na Ancel Keys walichukua vijana wa kiume 36, wazima wa mwili na akili, waliojitolea. Kwa miezi sita wakawapa takriban nusu ya chakula walichozoea. Vijana hao walipungua kama robo ya uzani wao. Walisikia baridi wakati wengine hawasikii. Mapigo ya moyo yalishuka. Wakawa wakali, wakajitenga na marafiki. Na wakaanza kuota chakula, kuzungumzia chakula kutwa, kusoma vitabu vya mapishi ambavyo hapo awali hawakuwa na habari navyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeingia pale akiwa na hofu ya chakula. Njaa ndiyo iliyowafanyia hivyo.

Kwa hiyo rafiki yako anapokaa kitandani akiwaangalia mkila chapati alizozisukuma kwa mikono yake, na anapotazama mapishi hadi saa nane usiku, unaona mwili unaoomba. Hakuna unafiki hapo, wala hakutegei kitu. Hofu ilimfanya apunguze, kupunguza kukaleta njaa, na njaa inaizungusha akili yake kwenye chakula, naye anadhani dawa ni kuongeza masharti. Ushauri nasaha ni muhimu, lakini hauingii vizuri kwenye ubongo wenye njaa. Vyote viwili lazima viende pamoja.

Sasa mwili. Mkiwa mmekaa tu mmetulia, mwombe umshike mkono, weka vidole viwili chini ya kidole gumba pale mshipa unapopiga, hesabu dakika nzima. Mapigo yakiwa chini ya 50 akiwa macho, usingoje wiki ijayo. Vilevile akizirai, moyo ukimwenda mbio bila sababu, miguu ikivimba, au akianza kuchanganyikiwa katika mambo madogo. Muulize pia hedhi, kwa upole. Mnakaa chumba kimoja, pengine umeshaona pakiti ile ile ya pedi imekaa kabatini tangu lini. Hedhi ikikatika miezi mitatu, mwili umeamua kubana matumizi, na mifupa nayo inadhoofika katika umri ambao ilipaswa kuwa inajengwa.

Ana bahati mko Kisumu. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ina wataalamu wa lishe na wa afya ya akili chini ya paa moja. Mkifika, semeni wazi kwamba amekuwa akila kidogo sana kwa miezi mingi. Msiseme "ni uchovu tu", maana mtarudishwa na vidonge vya kuongeza damu. Ombeni apimwe mapigo na presha akiwa amelala na akiwa amesimama, apimwe damu pamoja na potasiamu na fosfeti, na umeme wa moyo ikiwezekana. Nyumbani au kijijini asilazimishwe kula sahani kubwa kubwa ili "arudishe mwili". Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa ghafla, fosfeti na potasiamu kwenye damu huweza kushuka kwa kasi na kuhatarisha moyo. Chakula kirudi kwa mpango, kikianza na kile anachokiogopa kidogo, huku daktari akiangalia. Yule atakayewashauri kuhusu lishe muulizeni kama amesajiliwa na taasisi ya wataalamu wa lishe ya Kenya, KNDI, iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Ni haki yenu kuuliza. Wanaouza poda na juisi za kusafisha mwili wamejaa mitandaoni, na kwa mtu kama rafiki yako hao ni hatari kuliko omena zote za ziwa.

Utamwambia nini? Zungumza naye mkiwa wawili, si wakati wa kula, na si mbele ya majirani. Mwambie ulichokiona wewe mwenyewe, usitaje kilichomo sahani. Kwa mfano: "Nimekuona na sweta mchana. Nimekukosa kwenye kwaya. Siku ile ya matanga nilikuona unaumia na sikujua nikusaidieje. Naogopa juu yako. Twende hospitali wote, nitakaa na wewe mpaka tumalize." Atakataa. Pengine atakasirika na kusema unamwonea wivu. Usijibu kwa hasira, usirudie mambo ya chakula. Mwambie umemsikia, na kwamba utamuuliza tena. Kisha muulize tena kweli. Wengi niliowahudumia hawakukubali mara ya kwanza, walikuja kwa sababu mtu mmoja hakuchoka.

Na mwambie mama yake, ndiyo. Ahadi ya kuficha ugonjwa haikufungi, mwanangu, na wewe ni mwanafunzi, huwezi kubeba mzigo huu peke yako. Ila mjulishe rafiki yako kwanza, ili asije kuona umemsaliti: "Ijumaa nitampigia mama. Ukipenda tumpigie pamoja." Akizirai kabla ya Ijumaa, piga simu papo hapo bila kuomba ruhusa. Mama atawaza mimba, atawaza vidonda vya tumbo, atawaza mambo ya virusi, huenda akawaza kwamba kuna mtu amemfanyia mtoto wake kitu. Mwache aseme yote. Mwambie kwamba mtoto wake anaogopa chakula kiasi cha kushindwa kula, na kwamba hospitali wanaweza kusaidia. Akitaka aombewe, aombewe, na hospitali aende pia. Mwombe asimgombeze kwa ajili ya unga na omena zilizogawiwa.

Wewe nawe ule. Pika kwenye sufuria yako kama kawaida, kaa ule mbele yake bila kujificha na bila kumhubiria. Usimsifu kwa wembamba wala kwa nidhamu yake ya chakula. Chapati za Jumamosi akizileta, mwambie ni tamu, kisha mwombe akae nanyi mezani hata kama hatakula. Meza ndiyo ameikosa kwa muda mrefu zaidi.

SWALI

Mama, mimi nasomea lishe, mwaka wa pili, niko Njoro. Nilijibu maswali fulani kwenye intaneti nikaambiwa nina othoreksia. Kweli nasoma lebo za vyakula, nabeba githeri yangu darasani na sipendi vyakula vya kukaanga. Nimeingiwa na hofu. Naumwa?

Msomaji wa lebo

JIBU

Kwa uliyoniandikia, hapana. Maswali mengi ya namna hiyo yanatokana na dodoso liitwalo ORTO-15, lenye maswali 15, lililochapishwa na watafiti wa Italia 2005. Limetumika sana vyuoni duniani, na lawama yake kubwa ni kwamba huwahesabu kama wagonjwa watu wengi ambao wanajali tu wanachokula. Mwanafunzi wa lishe kusoma lebo ni kazi ya darasani.

Jiulize hili: siku uliyosahau githeri chumbani, ulifanyaje? Kama ulikwenda kibandani ukala maharagwe na chapati, ukarudi darasani ukaendelea na siku yako, lala usingizi. Kama ulishinda na njaa ukijisifu, au ulikula kisha ukajiadhibu kesho yake, nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo chenu kabla mambo hayajakua. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu kozi yenu ina mtego wake. Mtu mwenye hofu ya chakula huvutwa na masomo ya chakula, na humo darasani hofu yake inapewa alama nzuri. Kisha anavaa koti jeupe na kuwafundisha akina mama kliniki. Mkimwona mwenzenu anaanza kugawa vyakula kuwa vitakatifu na vichafu, mzungumzieni mapema, kwa upendo.

SWALI

Dada, mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Kakamega. Kijana wangu wa kwanza yuko chuo Nakuru. Tangu aanze mambo ya jimu anakula kifua cha kuku cha kuchemsha, wali kidogo na weupe wa mayai, kiini anatupa. Pesa za matumizi anazimalizia kwenye makopo ya poda. Desemba alikuja nyumbani na mizani ya kupimia chakula kwenye begi. Mama yangu alimchinjia kuku, na mimi kwa mara ya kwanza nikampa firigisi yangu. Akaisukuma, akasema haijui ina nini ndani. Bibi yake aliinuka mezani. Nimemwambia asipobadilika sitatuma pesa tena. Mke wangu anasema ni ujana, nimwache. Wewe unasemaje?

Baba, Kakamega

JIBU

Kaka, pole. Msomaji asiyetoka kwetu huenda asielewe, lakini baba wa Kiluhya anapomtolea kijana firigisi amesema maneno makubwa, na kuyasukuma kando kunauma. Nataka tu uyatenganishe mambo mawili: uchungu wako, ambao ni wa haki, na hali ya mtoto, ambayo pengine haikuhusu wewe hata kidogo. Mizani ndani ya begi la likizo inaniambia kwamba kijana hakuja nyumbani kukudharau. Alikuja akiogopa.

Wavulana hushikwa na hofu hii kama wasichana, na hugundulika wakiwa wamechelewa kwa sababu kifua kikipanuka kila mtu anapiga makofi. Mazoezi ni mema, na kula vizuri ni vyema. Mtu mzima wa kawaida anahitaji protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma anaweza kuhitaji hata maradufu ya hapo, na yote hayo hupatikana kwenye mayai, maharagwe, maziwa, samaki, kuku. Kiini anachotupa kina karibu nusu ya protini ya yai na vitamini A na D zake zote. Poda si lazima. Lakini haya nayo usimtumie kwenye simu kama hotuba.

Mchunguze kwa mambo haya: anafanya mazoezi hata akiwa mgonjwa au ameumia? Anakosa usingizi? Ameacha marafiki wasio wa jimu? Anaweza kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine bila kukipima? Ukiona majibu yanatisha, ni zaidi ya ujana, na mke wako asikutulize.

Pesa usikate. Kijana wa namna hii akipungukiwa, wa kwanza kukatwa ni wali, na poda inabaki. Badala yake panda gari uende Nakuru. Mpigie kwanza, usimfumanie. Mwambie achague mahali pa kula yeye mwenyewe, na kama atachagua kuku wa kuchemsha, kaa ule naye huyo huyo. Usitaje mizani siku hiyo. Muulize kuhusu masomo, kuhusu jimu yenyewe, anataka kufika wapi na nani anamfundisha. Mkimaliza, mwambie kwamba bibi yake anamuulizia na kwamba hakuna aliyekasirika. Kisha mwambie ungependa aonane na daktari na mtaalamu wa lishe pale hospitali ya rufaa ya kaunti, na kwamba utagharamia wewe. Akisema atafikiria, rudi Kakamega umpigie Jumapili.